Kipilefti Hakivuki Mpaka

Kiswahili cha Tanzania kina neno lililozaliwa kwa kusoma kibao vibaya. Zamani, kwenye mizunguko ya barabara zetu, vilisimikwa vibao vya Kiingereza vyenye maneno mawili, KEEP LEFT, yaani shika kushoto. Ilikuwa amri, lakini wapita njia wakaichukua kuwa jina: kumbe hapa panaitwa kipilefti. Sarufi nayo ikafanya kazi yake bila kumwuliza mtu. Neno limeanza na ki-, basi mahali pake ni pale vilipo kiti na kikapu, na wingi wake ni vipilefti. Leo ukiwa Mwanza utaambiwa ushuke kipilefti cha samaki, ukiwa Arusha utaelekezwa ukunje kulia kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa, wala hakuna anayecheka. Wanaisimu hupenda kulitaja neno hili pamoja na ndugu yake, madigadi, ambalo silabi yake ya kwanza ilidhaniwa kuwa alama ya wingi, na bamba moja la juu ya tairi likaitwa digadi.

Nimelipenda neno kipilefti tangu nilipojifunza kuendesha gari. Nililitilia shaka asubuhi moja tu, nje kidogo ya Strasbourg, nikiwa nimeshika usukani wa gari la kukodi. Usukani wenyewe ulikuwa umenisumbua tangu tulipokabidhiwa ufunguo, kwa sababu nilifungua mlango wa kulia kwa kujiamini, nikakaa, nikajikuta natazama kidroo cha kuwekea karatasi. Tukabadilishana viti na shemeji yangu, anayeishi huko miaka mingi, tukaondoka. Hatukuwa tumefika mbali, ukatokea mzunguko.

"Kipilefti hicho, shem, punguza mwendo," akasema.

Sikio langu lilisikia jina. Mkono wangu ulisikia amri, ukavuta kushoto.

Bahati hapakuwa na gari lingine. Shemeji alinishika mkono, tukasimama na pua ya gari ikiwa imeelekea tusikotakiwa kwenda, nikarudi nyuma taratibu, nikaingia kwa upande wa kulia kama watu. Kucheka kulikuja baadaye, kwenye kahawa. Ile amri iliyolala ndani ya jina kwa miaka yote niliyoishi Tanzania ilikuwa imeamka, na imeamka kwenye nchi ambako kuitii ni kujiua.

Bara zima la Ulaya linapita kulia. Wanaopita kushoto ni watu wa visiwani: Uingereza, Ireland, Malta na Cyprus. Sweden nayo ilikuwa kushoto mpaka alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, siku ambayo magari yalisimamishwa nchi nzima, yakahamia upande wa pili, kisha yakaruhusiwa kuondoka. Kwetu madereva wa malori hawahitaji kupanda ndege kuyajua haya. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali huvuka mto Kagera pale Rusumo, na ng'ambo ya daraja hushika kulia mpaka siku ya kurudi. Kipilefti chake anakiacha Tanzania. Akisonga mbele hadi Goma na kuuliza njia ya kufika kwenye sanamu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, mwenyeji atamjibu kwa Kiswahili safi cha huko, ila mzunguko wenyewe atauita rond-point kwa Kifaransa. Nairobi wangesema raundabauti. Majina hayo mawili yanataja umbo la kitu, duara, na hayamwelekezi dereva mkono wowote. Ndiyo maana yanaweza kuvuka mpaka.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja kuhusu kila neno la barabarani: linataja umbo, au linatoa amri? Na kama linatoa amri, linamwamuru nani?

Mgeni Ulaya hukutana na swali hilo kila baada ya kilomita chache. Anayeendesha kutoka Frankfurt kwenda Munich huanza kustaajabu: hili jiji la Ausfahrt ni kubwa kiasi gani, mbona kila saa kuna kibao cha kwenda huko? Ausfahrt ni njia ya kutokea tu. Mzaha huu ni wa zamani na kila mwenyeji wa Ujerumani ameshausikia, lakini mimi siwezi kumcheka mgeni huyo. Amefanya kile kile walichofanya wazee wetu mbele ya KEEP LEFT: ameona maandishi yanajirudia barabarani, akaamua ni jina. Tofauti ni kwamba yeye yuko peke yake na wiki ijayo anarudi kwao. Kosa la mtu mmoja hubaki kichekesho. Likifanywa na mji mzima huingia kwenye kamusi.

Italia kuna kosa la gharama zaidi. Miji ya kale kama Florence, Roma na Pisa imezungushia katikati yake eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia kwa saa fulani, nao huliita kwa herufi tatu, ZTL. Kwenye mpaka wa eneo hilo kuna kamera, na juu yake kibao cha taa ambacho sehemu nyingi huandika varco attivo. Varco ni lango. Attivo ni kuwa kazini. Mgeni anasoma: lango linafanya kazi. Basi si limefunguliwa? Anapita. Kinachofanya kazi ni katazo. Kamera ndiyo iko kazini. Jaribu kuitafsiri sentensi hiyo kwa Kiswahili uone utata ulivyohama nayo mzima mzima. Lango linalofanya kazi ni lile linalopitisha watu au lile linalowazuia? Mlinzi angejibu lake na mwenye mzigo angejibu lake. Miezi kadhaa baadaye, mgeni akiwa ameshasahau hata rangi ya lile gari, barua ya faini humfuata hadi nyumbani. Kama mwandishi wa kibao angetumia kitenzi, usiingie, kila mtu angeelewa.

Kwenye kituo cha mafuta nako kuna mtego. Sisi tumezoea petroli na dizeli, tunamaliza. Ufaransa utakuta pampu imeandikwa gazole, na masikio ya Kiswahili yaliyozoea sinema za Marekani, ambako gesi ndiyo petroli, yatakudanganya. Gazole ni dizeli. Italia huiita gasolio, Hispania gasóleo, zote dizeli. Lakini Hispania hiyo hiyo gasolina ni petroli. Umoja wa Ulaya uliona majina yamewashinda watu, na tangu Oktoba 2018 pampu na vifuniko vya matangi ya magari mapya vinabandikwa maumbo: petroli ni duara lenye herufi E, dizeli ni mraba wenye herufi B. Hapo umbo limeshinda jina, na ni haki yake kushinda. Mafuta ni kitu, na kitu kinataka alama ya kukitambua.

Kabla ya barabara kuna karatasi, na karatasi moja tumeipa jina linalodanganya. Watu wengi huiita leseni ya kimataifa. Ukisikia hivyo utadhani ni leseni iliyo kubwa kuliko ya nchi, kama pasipoti ilivyo mbele ya kitambulisho cha kura. Sivyo. Kile kijitabu kimetokana na mikataba ya kimataifa, hasa wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968, na kazi yake ni kuitafsiri leseni yako katika lugha kadhaa ili askari wa huko aweze kuisoma. Cha mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja. Cha 1968 kisizidi miaka mitatu, na kinakufa pamoja na leseni yako ikiisha kabla ya hapo. Bila leseni ya nyumbani mkononi hakina nguvu yoyote. Hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, si kule uendako. Nimeshaona msafiri aliyeacha leseni yake sandukuni Dar es Salaam kwa kuwa "ya kimataifa" alikuwa nayo. Alibaki kaunta akibishana, na aliyemponza ni jina. Tungekiita tafsiri ya leseni, hakuna ambaye angeiacha leseni yenyewe nyumbani, maana kila mtu anajua tafsiri haitembei bila matini yake.

Si kila mahali tumeshindwa. Yako mambo ya barabara za Ulaya ambayo Kiswahili kina neno lake tayari, tena zuri kuliko lile ambalo mfasiri angelibuni ofisini.

Chukua malipo ya barabara. Uswisi dereva hununua vignette, stika au siku hizi kumbukumbu ya kielektroniki, kwa faranga 40, inayomruhusu kutumia barabara kuu za magari kwa mwaka mzima. Neno hilo la Kifaransa lilimaanisha kimzabibu, yaani yale mapambo ya majani ya mzabibu yaliyochorwa kwenye kurasa za vitabu vya kale, na mzabibu huo umetambaa hadi kwenye kioo cha gari. Ufaransa hawana vignette hiyo. Wao wana péage, malipo ya kibandani yanayohesabiwa mara nyingi kwa umbali uliokwenda. Magazeti yetu huyatafsiri yote mawili kuwa tozo, na msomaji anakosa tofauti inayogusa mfuko wake. Lakini mtaani tofauti hiyo tunayo. Kinacholipwa mara moja mlangoni, ukae dakika tano au ucheze muziki mpaka asubuhi, tunakiita kiingilio. Kinachoongezeka kadiri unavyokwenda mbali ni nauli. Mwambie msafiri kuwa Uswisi barabara ina kiingilio na Ufaransa barabara ina nauli, ameelewa yote kabla hujamaliza sentensi.

Au chukua kamera za mwendo. Tanzania askari wa usalama barabarani akikupima mwendo kwa kile chombo cha mkononi, tunasema umepigwa tochi. Maneno haya hayamo kwenye sheria yoyote, lakini kila kondakta anayajua. Kijerumani mtu aliyenaswa na kamera husema amepigwa mmweko, kwa kitenzi kinachotokana na radi. Mfaransa naye hutumia neno la mwako wa kamera ya picha. Wote watatu wamekubaliana, bila kukutana, kwamba kinachouma ni ule mwanga. Mfasiri akileta "kifaa cha kubaini ukiukaji wa ukomo wa mwendo" atakuwa sahihi na hatasikilizwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa Wajerumani na Waaustria. Foleni ikikaza kwenye barabara kuu, sheria inawataka madereva watengeneze Rettungsgasse: walio kwenye njia ya kushoto kabisa wasogee kushoto, wengine wote wasogee kulia, na katikati ibaki nafasi ya ambulensi na zimamoto. Inafanyika magari yakiwa bado yanajikongoja, kabla hakujasikika king'ora. Wafasiri wanaweza kuhangaika na "ukanda wa dharura", ambao kwa kweli ni ile sehemu ya pembeni ya kuegesha gari bovu. Lakini Gasse ni uchochoro tu, ile njia nyembamba kati ya nyumba na nyumba. Kichochoro cha uokoaji. Mtu yeyote aliyekulia Tandale au Mji Mkongwe anajua kichochoro kikoje, kina upana gani, na aibu ya kukiziba.

Upande mwingine kuna neno lililotupotea tukilitazama. Barabara kuu ya kasi, ile Wajerumani waliyoifungua kati ya Köln na Bonn mwaka 1932, ningependa kuiita barabara ya mwendokasi. Haiwezekani tena. Tangu mabasi yaendayo haraka yaanze Dar es Salaam mwaka 2016, mwendokasi ni basi. Ukimwambia mtu wa Kimara kuwa uliendesha gari kwenye mwendokasi, atakuuliza askari hawakukukamata? Neno limepata mwenyewe, tusiligombanie.

Nirudi kule Strasbourg, mkoani Alsace, siku ile ile, mchana. Tulikuwa tunapita kijijini, nyumba zenye mbao zilizokatizana kwenye kuta, maua madirishani, barabara pana iliyonyooka. Hapakuwa na kibao, mstari wala taa. Kulia kwangu palikuwa na upenyo mwembamba ambao niliudhania kuwa ua wa mtu. Kigari cheupe kikatokea humo. Mimi niko barabara kubwa, yeye anatoka uani, nikaenda. Akafunga breki hadi pua ya gari ikainama, akapiga honi ndefu, akanitazama kwa macho ya mtu aliyetukanwa.

"Shem, ungempisha."

"Nimpishe vipi? Si yeye anayeingia barabara kubwa?"

"Hapa hakuna barabara kubwa. Kuna kulia tu."

Ndivyo ilivyo. Ufaransa, Ujerumani, Ubelgiji na nchi nyingi za bara hilo, njia panda isiyo na alama yoyote ina kanuni moja: anayetoka kulia anatangulia, hata kama anatoka kwenye kijia cha nyumba tatu. Ukiona kibao cha njano chenye kingo nyeupe kilichosimama kwa ncha, barabara yako ndiyo inayotangulia. Ukikiona tena kimekatwa kwa mstari mweusi, upendeleo umekwisha. Kwenye mizunguko mambo yanageuka. Ufaransa tangu 1984 anayeingia mzungukoni huwapisha waliomo ndani, nao humjia kutoka kushoto. Isipokuwa mahali pachache palipobaki na desturi ya kale, na maarufu kuliko yote ni ule mduara wa Paris unaozunguka Arc de Triomphe, ambako njia kumi na mbili humiminika na waliomo ndani ndio wanaowapisha wanaoingia kutoka kulia.

Vitabu huiita kanuni hiyo kipaumbele cha kulia. Naliheshimu neno kipaumbele, lakini hapa linafanya uvivu. Kipaumbele cha kulia ni cha nani? Cha aliye kulia kwangu, au changu mimi ninayekunja kulia? Nomino imekaa tu kama kiti kitupu, kila dereva anaona ni chake. Sheria zenyewe hazizungumzi hivyo. Ya Ufaransa humfunga dereva kwa wajibu wa kumwachia mwenzake njia. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza kinaeleza wazi kwamba kanuni hazikupi haki ya kupita, zinakuonyesha tu ni lini umwachie mwingine apite. Wanatumia maneno mawili, matatu, kulisema jambo hilo. Kiswahili kina silabi mbili: pisha.

Tazama mzizi huo ulivyobeba mtaala mzima wa udereva. Kupita, kila mtu anajua. Kupitwa, jambo ambalo madereva wengi hawalivumilii. Kupitana, kila mmoja ashike zake. Kupishana, pale magari mawili yanapokutana penye wembamba na kila mmoja akampa mwenzake nafasi. Kitenzi hicho hicho tunakitumia kwa mabishano, tumepishana kauli, maana nako ni kukutana penye wembamba. Na kupisha: kumfanya mwingine apite. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo hajawahi kusoma kanuni za barabara, lakini anapopaza sauti "Pisha! Pisha!" hakuna anayeuliza kipaumbele ni cha nani. Anayeambiwa anajijua.

Kwenye milima ya Uswisi nimeuona mzizi huo ukifanya kazi bila neno. Barabara ni nyembamba, korongo liko upande mmoja na jabali upande wa pili, na kanuni ni kwamba anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda. Mabasi ya njano ya posta hupita huko, yana honi ya sauti tatu iliyotolewa katika muziki wa Rossini wa William Tell, na dereva huipiga kabla ya kona isiyoonekana upande wa pili. Kwenye barabara hizo zilizowekewa alama ya posta, dereva wa basi ndiye anayeamua nani arudi nyuma. Ukiisikia honi ile ukiwa na kigari cha kukodi, unatafuta upenyo, unajibana, unangoja. Amekuambia pisha kwa lugha isiyohitaji mkalimani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kipilefti kibaki Tanzania, kikae kwenye kamusi na kwenye midomo ya makondakta, kwa kuwa huku amri yake ni ya kweli na historia yake ni yetu. Lakini anayemwandikia Mswahili mwongozo wa kuendesha gari Ulaya, au anayemwelekeza akiwa amekaa kiti cha pembeni, atumie mzunguko. Leseni ya kimataifa aiite tafsiri ya leseni. Na kila anapokaribia kuandika kipaumbele, asimamishe kalamu, aandike kitenzi na amtaje anayetakiwa kukitenda. Nawe msomaji, kama safari ya Ulaya bara ipo, kariri sentensi mbili hizi kabla hujapokea ufunguo. Kwenye mzunguko wenye kibao cha pembetatu kilichopinduliwa, mpishe wa kushoto. Kwenye njia panda isiyo na kibao, mpishe wa kulia.